Bei Inboksi? Basi Kaa na Redio Yako

Nitasema hii kitu mara moja, na wale watakasirika wakasirike vizuri. Kama unauza redio ya ham ya mtumba, umeweka picha moja ya giza, redio yenyewe imezimwa, halafu chini umeandika "iko fiti, bei inboksi", wewe huuzi redio. Unavua samaki. Na samaki ni sisi.

Kwa wale walinifuata kwa sababu ya video za simu na hawajui ham ni nini: si nyama. Ni redio ya ridhaa, watu kuongea hewani kwa mapenzi yao tu, bila biashara. Unapata leseni kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA, unapewa kitambulisho chako cha hewani kinachoanza na 5Z4, na kutoka kwa kachumba kako Umoja unaweza kuongea na msee wa Brazil bila bando na bila mnara wa kampuni yoyote katikati. Waya kwa paa, sanduku mezani, basi. Tanzania wao ni 5H, Uganda ni 5X. Kabla ya uhuru Kenya ilikuwa VQ4, kwa hivyo ukiokota kadi ya zamani imeandikwa VQ4 usiitupe, hiyo ni historia.

Sanduku ndilo shida. Icom IC-7300, ilitoka 2016 na karibu kila mtu mpya anaitamani, huko nje ni kama dola 1,100. Piga hesabu na dola ya siku hizi: umepita shilingi 140,000, na bado hujalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Hiyo ni redio peke yake. Haina antena, haina kifaa cha kuipa umeme. Na mimi sijawahi kuingia duka Nairobi nikaikuta kwa shelfu nikaambiwa chukua. Kwa hivyo kijana wa hapa akitaka kuingia HF, yale masafa ya kwenda mbali, njia iliyobaki ni mtumba. Yaesu FT-857 iliyotolewa kwa gari ya mtu. Icom IC-706 iliyochubuka kona zote. Kenwood TS-520 ya miaka ya sabini yenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aibu hapo. Nusu ya nguo nimevaa nikiandika hii zilitoka Gikomba na bado zinakushinda.

Lakini Gikomba ina adabu yake. Bale ikifunguliwa asubuhi unashika shati, unaligeuza, unaangalia kola, unaangalia kwapa, unaliinua juu uone kama mwanga unapita. Muuzaji anaita bei kwa sauti mpaka inakuwa wimbo. Hata yule anauza kamera, zile nguo safi zinazochaguliwa kwanza, anakutajia bei usoni. Sasa niambieni, mbona redio, kitu ambacho shimo lake liko ndani na huwezi kuliona hata ukiinua juu ya jua, ndiyo inauzwa kwa minong'ono?

Jibu ni rahisi. Minong'ono inalipa.

Sisi tulijaribu. Mimi na mabeshte wawili tuliulizia redio moja, posti moja, siku moja, kila mtu na akaunti yake. Tukapewa bei tatu. Ile ya juu kabisa ilienda kwa yule ambaye picha yake ya profaili amesimama kando ya gari. Gari si yake, ni ya mjomba. Tofauti kati ya bei ya chini na ya juu ilikuwa elfu kumi na tisa. Hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu. Redio haikubadilika, skrini yake haikukua, ni sura ya mnunuzi tu ilibadilika.

Najua mtaniambia ni biashara, hata matatu hupandisha mvua ikinyesha. Sawa. Matatu ikipandisha, kila mtu kwa steji anasikia kondakta akisema, na unaweza kukataa ukatembea. Bei inboksi ni kama kondakta akunong'onezee wewe mia mbili na jirani yako sabini, halafu nyote mnyamaze. Na tukinyamaza, hakuna mtu anajua redio hizi zinauzwa ngapi hapa kwetu. Simu ya mtumba unajua bei yake hata ukiwa usingizini. Pikipiki unajua. FT-857 iliyotumika, hapa Nairobi, ni ngapi? Uliza watu kumi. Utapata majibu kumi na wote watakuwa wamekadiria, kwa sababu kila mauzo yalifanyika gizani na hayakuacha alama.

Sasa hapo ndipo nataka mkae nami kidogo, kwa sababu wengi mnafikiria hii ni malalamiko ya vijana kuuziwa ghali. Hapana. Giza hilo hilo linaumiza upande wa pili vibaya zaidi.

Watu wa ham wana jina la mwenzao akifariki. Wanamwita ufunguo kimya, yaani kile kidude chake cha kugongea Morse hakigongwi tena. Ni jina la heshima. Lakini nyuma ya ufunguo kimya kuna stoo. Kuna mabati, kuna katoni, kuna waya zimeviringwa, kuna masanduku matatu manne yenye vitufe vingi, na kuna mama ambaye kwa miaka thelathini alijua tu kwamba mzee yuko kwa ile chumba yake na asisumbuliwe.

Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wetu aliniita. Anajua mimi ndiye "kijana wa mitambo", hata rimoti ya televisheni huniletea. Akaniambia, "Kijana wangu, kuna mtu amekuja kuona vitu vya mzee, amesema atazitoa zote kwa elfu nane anisaidie kupata nafasi. Nikaona nikuulize kwanza." Nikaenda. Ndani ya zile vitu za elfu nane kulikuwa na Kenwood TS-440 ndani ya mfuko wa plastiki, na kitabu chake, na maikrofoni yake. Kulikuwa na redio ndogo ya VHF. Kulikuwa na mita, kulikuwa na kifaa cha umeme kizito kama jiwe la kusagia. Na yule "mtu" hakuwa wa vyuma kuukuu hata. Alikuwa anajua vizuri anaangalia nini. Aliinua TS-440, akasoma nyuma, akairudisha chini ya gunia. Mama mwenyewe ndiye aliniambia hivyo: "Hiyo ndiyo aliiangalia sana."

Elfu nane. Ya kumsaidia kupata nafasi.

Mama angejuaje? Angetafuta wapi? Angeandika jina la redio kwa simu angekuta posti za hapa kwetu, na zote zimesema nini? Bei inboksi. Mjane hana inboksi ya kuuliza. Yule jamaa alikuwa anategemea kabisa hiyo kimya. Ananunua kwa mama gizani kwa elfu nane, anauzia kijana gizani kwa bei ya sura yake, na katikati anaitwa mtaalamu.

Tuliwasha ile TS-440 siku nyingine. Skrini ikaonyesha nukta badala ya namba. Ukikutana na hiyo usishtuke. Ni ugonjwa unaojulikana wa TS-440: kuna gundi kiwandani walimwagia sehemu moja ndani, na ikizeeka inaanza kupitisha umeme, redio inapoteza mahali iko. Fundi mvumilivu anaikwangua, anasafisha, anafunga. Tukaandika kwa tangazo vile iko: inawaka, inaonyesha nukta, haijafunguliwa, bei hii hapa. Ilienda. Mtu alilipa akijua anachonunua, na mama hakudanganya mtu. Kitu kibovu kinaweza kuuzwa vizuri. Ni uongo ndio hauwezi.

Na hiyo inanileta kwa neno lingine ambalo nimechoka nalo: "haijajaribiwa".

Haijajaribiwa. Uko na stima kwa nyumba. Redio iko mkononi mwako. Umepiga picha, umeosha vumbi, umeandika tangazo, umejibu komenti, lakini kubonyeza kitufe kimoja kumekushinda? Msee, hiyo imejaribiwa. Imejaribiwa, ikakataa, na wewe ukaamua matokeo yatakuwa zawadi ya mnunuzi.

Nilienda kuona moja namna hiyo mjini. Nikabeba betri ya gari, waya, na mita. Muuzaji akaniona na betri akabadilika sura. Akasema hapa si mahali pa kuwasha. Nikamwambia tuwashe kwa gari yako basi. Akasema anaharakisha. Nikamuuliza kama naweza kusikia hata kelele tu, dakika moja. Akaniambia, na hii nilipenda, "Kama huniamini usinunue." Sikumwamini, sikununua, nikarudi na betri yangu kwa matatu nikiangaliwa kama nimeiiba.

Wacha niwape kitu cha kubeba mkienda kununua, kwa sababu kulalamika bila vifaa ni bure.

Kwanza mjue redio inaweza kusikia vizuri kabisa na isiweze kusema. Upande wa kupokea na upande wa kurusha ni viungo tofauti. Muuzaji mjanja anakuwekea kelele tamu, sauti za watu, taa zinawaka rangi ya machungwa, unaona ni sawa, unatoa doo. Unafika nyumbani unabonyeza maikrofoni, kimya. Transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwa antena, ziliungua kitambo. Hizo ndizo bei ghali na hizo ndizo huonyeshwi. Redio ya wati 100 ikipokea inakula ampea moja au mbili. Ikirusha inataka kama 20. Ndiyo maana mtu anaweza kukuonyesha ikiimba na betri ya pikipiki na hiyo haithibitishi kitu. Betri ya gari yenye chaji inatosha kwa jaribio la haraka.

Lakini huwezi kurusha hewani ovyo, na hata huna leseni bado. Kwa hivyo unabeba mzigo bandia: kitu kinachokaa mahali pa antena, kinameza nguvu yote na kuifanya joto. Unaweza kujitengenezea. Nenda Luthuli, nunua resista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati mbili, zile za kaboni au filamu, si zile za waya uliozungushwa. Ziunganishe zote sambamba. Elfu moja gawanya kwa 20 ni omu 50, na hiyo ndiyo redio inataka kuona. Zitabeba wati 40 kwa muda mfupi. Punguza nguvu ya redio, mwombe mtu mwenye leseni abonyeze, weka mita katikati, angalia sindano. Imepanda? Vizuri. Haikupanda? Umeokoa pesa yako na umetumia resista za bei ya chakula cha mchana.

Ukiwa hapo, beba pia waya wa mita kumi hivi, wa kawaida, utupe kwa dirisha. Jioni nenda megahezi 7. Kati ya 7.0 na 7.2 ni watu wa ridhaa, juu ya hapo ni stesheni za utangazaji. Ukisikia watangazaji wazi halafu chini ni kimya kabisa, zungusha polepole, badilisha upande wa SSB, usikimbilie kusema ni mbovu. FT-857 ikionyesha mistari ya kusimama kwa skrini, huo nao ni ugonjwa wake, sema bei ishuke. TS-520 na wenzake wa valvu ni stori nyingine: ndani kuna mamia ya volti, na yanabaki ndani hata ukichomoa plagi, usiingize kidole kwa sababu umeona video. Na uliza ilitoka nchi gani. Iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa volti 120, ukiichomeka kwa 240 zetu kabla ya kuhakikisha, utaona moshi na utasikia harufu ya pesa yako.

Maikrofoni haipo, waya wa umeme umekatwa na kisu, namba ya nyuma imekwaruzwa? Hiyo imetolewa kwa gari ya mtu usiku. Toka.

Sasa wauzaji wana majibu yao, na mengine si ya kijinga. Wanasema ukiweka bei unaita wasumbufu. Kweli, wasumbufu wako. Mtu anakuuliza "mwisho ngapi" kabla hata hajasoma. Lakini hao hao wanajaa inboksi, hawakuisha kwa sababu ulificha bei. Wanasema ukitaja bei kubwa hadharani wezi watajua uko na kitu nyumbani. Hiyo naielewa, hii ni Nairobi. Basi usiweke mtaa wako, kutana na mtu mahali pa wazi penye stima. Bei haina anwani.

Na wanasema, hili ndilo lenye uzito, kwamba si kila mtu anafaa kuuziwa mtambo wa kurusha. Nakubali asilimia mia. Kutumia mtambo kama huo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, na si kosa la kuchekesha. Basi uliza leseni! Andika kwa tangazo: nauzia mwenye 5Z4 au aliye njiani kuipata. Lakini angalieni wale wanaotoa hii sababu wanavyouza Baofeng. Hizo UV-5R ndogo nyeusi, zile walinzi na waelekezaji wa harusi hubeba, zinauzwa kama njugu. Mnunuzi haulizwi chochote. Hakuna anayemwambia kwamba bendi ya ridhaa hapo ni 144 hadi 146 na redio yenyewe inafunguka kutoka 136 hadi 174, kwa hivyo kidole kikiteleza uko kwa masafa ya mtu mwingine kabisa, pengine ya kazi ya kuokoa watu. Eti pia imeandikwa wati kumi. UV-5R ni kama wati nne au tano, stika haiongezi nguvu. Kwa hivyo sheria inakumbukwa tu wakati wa kuficha bei?

Kuna na wale wa minada. Mashirika makubwa yakibadilisha magari, zinatoka redio za Codan na Motorola, zimejengwa kustahimili jangwa, na mtu anazipost kama "ham radio, rare". Si ham. Nyingi zilipangwa kwa chaneli maalum na bila programu na waya wake utakuwa umenunua tofali imara sana. Mwenye ujuzi anaweza kuzipanga upya, na kuna wasee wanafanya vizuri. Lakini muuzaji aseme. Neno "rare" peke yake si maelezo, ni bei iliyovaa suti.

Kwa wazee wetu wa 5Z4, heshima zenu kwanza. Wengi wenu mmetufunza bila kutaka shilingi, na chama cha ARSK kimekuwepo miaka hii yote wakati sisi hatukuwa tumezaliwa. Kwa hivyo naongea kama mjukuu. Mzee, uko na redio nne na unatumia moja. Zile tatu ziko chini ya kitambaa. Nikikuuliza unaniambia, "Siuzi, siku moja nitazitengeneza." Kapasita hazingoji hiyo siku moja, zinakauka zikiwa zimekaa. Na jua halingoji. Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza jua limefika kipindi cha kilele chake, mzunguko ambao huja kila miaka kumi na moja hivi. Wakati kama huo megahezi 28 inafunguka dunia nzima, na antena yake ni mita tano tu kutoka ncha hadi ncha. Mita tano! Hiyo inakaa juu ya paa la ploti katikati ya kamba za nguo na hakuna keateka atauliza. Ya megahezi 7 inataka mita 20, hiyo ploti nzima itakuwa na maoni. Sasa ndio kijana wa ghorofani anaweza kuingia na kitu kidogo, na jua limeshaanza kuteremka. Ukiiuza baada ya miaka sita utakuwa umemuuzia mwavuli wakati wa kiangazi.

Usiitoe bure. Hakuna aliyeomba bure. Sema bei, iwashe mbele yetu, tutachanga.

Na wewe ambaye hata mtumba umekushinda kwa sasa, usidanganywe ukope pesa kwa simu ununue sanduku ambalo huruhusiwi hata kurushia. Anza kwa kusikiliza. Kuna kale kadude ka USB ka televisheni, chipu yake ni RTL2832U. Hapa Kenya hakasaidii kwa televisheni, kwa sababu sisi tunatumia DVB-T2 na kenyewe kanajua DVB-T peke yake. Kwa hivyo mtu alikanunua, kakakataa, akakatupa kwa droo. Hako kadude ni redio ya kupokea karibu kila kitu kutoka megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700. Na ile dishi ya DStv iliyokatwa miaka mitatu iliyopita, inakaliwa na njiwa? Hapo Nairobi inaangalia karibu juu kabisa. Iteremshe kidogo upande wa magharibi, kutoka nyuzi 36 mashariki hadi 26, na hapo kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 ikiwa imebeba mtambo wa watu wa ridhaa unaoitwa QO-100. Inafunika Afrika yote. LNB ya kawaida inashusha mawimbi yake hadi karibu megahezi 739, na kadude kako kanasikia hapo bila shida. Utahitaji kuipa LNB umeme na uvumilivu wa jioni moja. Halafu utasikia watu wakiongea mchana na usiku, kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini, kwa dishi ya njiwa. Ukiuza hako kadude kesho, andika bei.

Nimalize na tangazo moja nililoona mwezi uliopita, kwa sababu mtasema naongea mambo ya ndoto. Mzee mmoja aliweka IC-706. Video ya dakika mbili, imepigwa vibaya, kidole chake kiko nusu ya skrini. Anawasha. Anazungusha. Tunasikia watu. Anaweka mita, anabonyeza, sindano inapanda mpaka wati 90, anaisoma kwa sauti. Anageuza redio, anaonyesha kona iliyochubuka na kitufe kimoja kinachohitaji kubonyezwa mara mbili. Anasema maikrofoni si ya asili. Anasema bei, anasema haipungui zaidi ya elfu mbili, anasema njoo na kitambulisho chako cha 5Z4 ama barua ya maombi. Kwa komenti hakuna aliyebishana. Iliwekwa saa nne asubuhi na kufikia saa kumi ilikuwa imeenda, kwa bei yake, kwa msichana wa chuo fulani aliyekuja na betri yake mwenyewe kwa boda. Mimi nilikuwa wa tatu kwa foleni.